Miguu ya Chipu na Salfa ya Chilangala

Vijana mnaopokea faili zangu, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi miaka yote hii. Nilitaka kukataa nikakosa kisingizio. Mtu anayejulikana Newala nzima kwamba hatoki nyumbani hawezi kusema hana nafasi.

Nianze na jina la kazi, maana limenisumbua kuliko kazi yenyewe. Nyinyi mnasema kiendeshi, yaani programu inayoongoza kifaa, ambayo Kiingereza huiita driver. Nilipoanza mimi neno hilo lilikuwa halijapanda huku juu, kwa hiyo mama mkwe aliponiuliza siku hizi nafanya nini baada ya kuacha kutengeneza redio, nikamwambia natunza madereva. Alifurahi sana. Haikupita wiki akanitumia ujumbe kwamba kuna mjukuu anakwenda Mtwara, nimtafutie kiti cha mbele. Mke wangu, Mama Somoe, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kwenye ukoo wao naitwa Dereva: dereva asiyejua hata baiskeli, na anayetapika gari likianza tu kuteremka kona za kwenda Masasi.

Kwa anayesoma bila kuijua kazi yetu, ni hivi. Ndani ya mashine ndogo za siku hizi mna chipu, na chipu ina miguu. Mafundi wanaiita miguu na mimi sijaona jina bora. Ni vijiti vyembamba vya chuma vinavyotoka ubavuni, na ukiitazama kwa mbali utadhani jongoo amekufa ubaoni. Shida ni kwamba mguu mmoja una kazi zaidi ya moja. Chukulia darasa la shule ya kijiji. Asubuhi watoto wanasoma humo, mchana kuna mkutano wa wazazi, msimu ukifika korosho zinalazwa humo, na Jumapili kwaya inafanya mazoezi. Darasa ni lilelile. Lazima awepo mtu mwenye ufunguo anayejua sasa ni zamu ya nani, vinginevyo kwaya itaimba juu ya magunia. Mtu wa ufunguo alikuwa mimi. Katika kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoamka kabla ya zote mashine ikiwashwa, kuna faili linaloambia kila mguu: wewe utasikiliza, wewe utasema, wewe utakaa kimya. Nimelitunza faili hilo, ndicho kiendeshi chenyewe, kwa ukoo mmoja tu wa chipu, mpaka nikaota mvi.

Habari ilianzia Masasi. Nilimaliza kidato cha nne enzi za ruksa, bidhaa zilipoanza kumwagika madukani baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Kila aliyeuza korosho alirudi nyumbani na redio kaseti yenye taa zinazocheza, na baada ya muda kidogo kaseti imekufa, taa bado zinacheza. Nilikuwa nakaa kwa mjomba, kijijini Lisekese, nakuja mjini kwa njia ya mashambani, nikapokewa kibandani kwa Fundi Likwati, karibu na stendi.

Siku ya kwanza Fundi Likwati hakunipa pasi ya lehemu wala bisibisi. Alinipa chipu iliyokufa akasema, "Hesabu miguu."

Nikahesabu.

"Umeanzia wapi?"

Nikamwonyesha. Akaichukua, akaigeuza kifudifudi. "Hesabu tena."

Nikahesabu vilevile kama mwanzo.

"Umeshaunguza redio ya watu," akasema.

"Sijagusa redio ya mtu, Fundi."

"Ungeigusa ungeiunguza. Ikilala kifudifudi, kulia kwake kunahamia kushoto kwako. Wewe ukinigeuzia mgongo mkono wako wa kulia unabaki upande uleule?"

Nikageuka palepale kibandani ili nijaribu. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri pasi yake ya umeme akaniambia nigeuke tena, hajaona vizuri. Nimezeeka na somo hilo. Mtu akiniletea malalamiko kwamba mguu fulani haufanyi kazi, namuuliza kwanza kama ameutazama kwa juu au kwa chini. Halafu namuuliza ameanza kuhesabu na ngapi, kwa sababu kiini chetu huanza na sifuri na watengenezaji wa bodi huanza na moja. Malalamiko mengi huishia hapo, na mlalamikaji hujifanya simu imekata.

Jambo la pili alilonifundisha ni kidole. Lowesha ncha ya kidole kwa mate, gusa miguu mmoja mmoja pale ambapo hakuna umeme mkali, usikilize redio inalalamikaje. Mita, alisema, inakuambia umeme ni kiasi gani. Kidole kinakuambia mguu upi una wasiwasi. Mama mmoja alipita akaniona nalamba kidole na kugusa mashine, akamuuliza Fundi kama mimi ndiye mganga mpya.

Mjomba alipohama Lisekese nilirudi kwetu Newala na kazi yangu ikarudi nami, mbele ya nyumba, juu ya meza iliyokuwa ya kukatia nguo. Ndipo kampuni za simu zikaja na minara yao, na baada ya simu zikaja kompyuta za mitumba. Nilinunua moja iliyokuwa na ufa kwenye kioo. Nilijifunza kuandika programu kwa kusoma programu za wengine, kama mtu anayejifunza kupika kwa kuonja sufuria za majirani. Kiingereza changu kilitoka kwenye karatasi za maelezo ya chipu, ndiyo maana mpaka leo siwezi kumsalimia Mzungu vizuri, lakini naweza kumweleza joto analotakiwa asilizidi.

Aliyenivuta hasa ni Anselm, mzee wa nchi za baridi aliyekuwa akilitunza faili hilo kabla yangu. Sijawahi kumwona. Nilimtumia kiraka changu cha kwanza, yaani marekebisho ya mistari michache, naye akajibu kwa barua pepe ya neno moja: "Kwa nini?" Nikamweleza. Akajibu: "Nimeelewa. Sasa andika hayo uliyonieleza ndani ya kiraka, maana kesho sitakuwepo kumweleza mwingine." Nyinyi mnaonilaumu kwamba maelezo yangu ni marefu kuliko programu yenyewe, mlaumuni yeye. Alipochoka aliniachia faili. Hakukuwa na sherehe. Jina lake likafutwa juu ya faili, langu likaandikwa, na mimi nikaenda kumwambia Mama Somoe.

"Unahamia wapi?" akauliza.

"Sihami. Ni hapahapa mezani."

"Basi hujapata kazi, umeongezewa sababu ya kukaa ndani."

Sasa nifikie kisa cha Chilangala, kwa sababu nikiacha kila kitu nikawaachia hicho kimoja, nitakuwa nimewaachia kazi.

Huku juu kwetu maji yako chini. Chemchemi ya kijiji cha Chilangala iko bondeni, na wanawake walikuwa wakiteremka na ndoo tupu na kupanda nazo zimejaa, mteremko ambao mimi hata bila ndoo nisingeuweza. Wakafanikiwa kupata pampu bondeni, tangi huku juu kwenye mikorosho, na kisanduku kando ya tangi cha kuiongoza pampu kwa umeme wa jua unaotunzwa kwenye betri. Ndani ya tangi kuna boya. Maji yakishuka boya linakiambia kisanduku "bado", na pampu inavuta. Tangi likijaa linanyamaza, ndiyo "basi" yake, na pampu inazima. Chipu iliyokuwa ndani ya kisanduku hicho ilikuwa ya ukoo wangu. Boya liliongea kupitia mguu mmoja tu, na mguu huo ulikuwa chini ya faili langu.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mama Zuhura, dada mkubwa wa mke wangu. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya kijiji akasema wasiogope kisanduku, programu iliyomo inatunzwa na shemeji yake mwenyewe. Wapo waliopinga. Mfanyabiashara mmoja wa Tandahimba alikuwa na trekta na tangi la kukokota, na alitaka akabidhiwe pampu awauzie wanakijiji maji yao wenyewe, akisema ndio wakati wa biashara huria na kamati za akina mama zimepitwa. Kijiji kilimsikiliza Mama Zuhura. Kwa hiyo kisanduku kikishindwa, maji yangekwenda kwa mwenye trekta, na asiyemudu angerudi bondeni na ndoo yake.

Kilifanya kazi vizuri tangu mvua mpaka mwanzo wa kipupwe. Halafu simu ikaanza.

"Shikamoo shemeji," nikapokea.

"Marahaba. Dereva, pampu yako imelewa."

"Imelewaje?"

"Tangi tupu, yenyewe imelala. Jana tangi limejaa linamwagika, yenyewe inavuta tu. Hiyo si kulewa?"

Nikamuuliza taa gani inawaka. Nikamwambia akizime akiwashe. Akafanya, pampu ikatulia mchana kutwa, kesho yake asubuhi ikalewa tena. Mezani kwangu nilikuwa na bodi kama ileile, nikaifanyia kila aina ya ugomvi, ikatulia kama mwali. Nikamwandikia Anselm, ambaye bado alikuwa hodari wa kuuliza maswali. Bodi yake nayo ilitulia. Simu zikaendelea.

"Shemeji, njoo uione."

"Haya, nakuja."

"Haya hiyo ni ya mwaka huu?"

"Haya, shemeji, wiki hii."

Wiki ikapita. Simu iliyofuata hakutania. Mwenye trekta alikuwa ameshaitisha mkutano wa kijiji, Jumamosi asubuhi. "Nimewaambia tufanyie palepale kwenye tangi, watu waone kwa macho," alisema. "Kama itakuwa inafanya kazi, wataona. Kama itakuwa imelewa, wataona pia, na mimi nitashuka bondeni na wenzangu. Wewe utakuwa umekaa."

Mama Somoe alikuwa amesikia kila kitu, maana dada yake huongea na simu kama anaita mtu ng'ambo. Aliniwekea kompyuta mpakato begini, akaweka na mfuko wa plastiki wa kutapikia, akamwita mwenye bodaboda.

Nilifika Alhamisi nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Alfajiri ya Ijumaa Mama Zuhura akanipeleka kwenye tangi. Kulikuwa na ukungu na baridi, na kwenye mikorosho jirani mtu mwenye mashine mgongoni alikuwa anapuliza salfa. Mnaokaa mjini, niwaeleze: mikorosho ikichanua hupata ugonjwa wa ukungu mweupe, na dawa yake ni unga wa manjano wa salfa. Hupulizwa alfajiri majani yakiwa na umande, ili unga ushike.

Nikafungua kisanduku. Unga ulikuwa umeingia kwenye matundu ya kupumulia, na umande nao ulikuwa umeingia, na juu ya bodi vimeshikana kama juu ya jani. Bodi nzima imevaa kanzu ya manjano. Mezani kwangu Mama Somoe hufuta vumbi mara mbili kwa siku, na kwa Anselm nasikia hata hewa inachujwa. Nani angeona?

Nikalowesha kidole, nikagusa miguu mmoja mmoja. Nilipougusa wa boya, pampu ikawaka. Nikaondoa kidole, ikazima. Nikasogeza kidole karibu tu, ikawaka tena.

"Shemeji!" Mama Zuhura akasema. "Kumbe inakujua?"

Haikunijua. Ilikuwa na wasiwasi tu. Mguu unaosikiliza lazima ushikwe, uvutwe chini kidogo kwa ndani ya chipu, ili kama hakuna anayesema ubaki kimya. Usiposhikwa unaning'inia, na chochote kinaweza kuupeperusha: kidole, umande, unga mbichi. Waliotengeneza kisanduku walilijua hilo. Programu yao ilikiomba kiendeshi changu, kwa adabu kabisa, kiushike mguu. Nikafungua faili pale juu ya ndoo iliyofunikwa, nikafuata ombi lile linakwenda wapi. Kiendeshi kililipokea, kikaandika amri mahali ambapo chipu za zamani zina swichi ya kushikia. Hii ilikuwa chipu mpya ya ukoo uleule, na swichi yake ilikuwa imehamishwa. Amri ikaangukia patupu. Na baada ya hapo kiendeshi kikaijibu programu: haya.

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Sisi tunaijua haya ya namna hiyo. Mtu anakualika harusi kule Nanyamba nawe huna mpango wa kwenda, unasema haya. Si uongo, ni adabu. Aliyekualika naye anajua kupima. Lakini mashine haijui kupima. Ikiambiwa haya inalala usingizi. Nikamweleza Mama Zuhura kwamba kosa lote ni kiendeshi kujibu haya kwa jambo ambalo hakikulifanya.

"Na kimefundishwa na nani?" akauliza.

Nilimwandikia Anselm kupitia simu, kwa mtandao uliokuwa ukija na kuondoka. Akaniletea pingamizi la kweli: kiendeshi kikianza kukataa mahali kilipozoea kusema haya, mashine za watu wengine huko duniani, ambazo hazina salfa wala shida yoyote, zitasikia jibu la kukataliwa na kugoma kuwaka. Tukabishana mpaka adhuhuri. Tulichokubaliana ndicho mlichonacho. Chipu mpya ifundishwe swichi yake ilipo. Pale ambapo kiendeshi hakiwezi, kiseme waziwazi hakiwezi. Na miguu yote isiyo na kazi ivutwe chini tangu mashine inapoamka, ili asiwepo wa kuning'inia.

Nikaunda kiini upya. Kompyuta ilichemka, Mama Zuhura akaipepea kwa ungo, tukala ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, tukiisubiri. Jioni nikakipakia. Bodi sikuifuta. Mama Zuhura alitaka kuifuta kwa khanga, nikamzuia. Kama ingepona kwa kufutwa, ingeugua tena mpulizaji akipita.

Jumamosi watu walikuja mapema. Ukungu ulikuwepo, na salfa ilikuwepo, mpaka wazee wengine walijiziba pua kwa kofia zao. Mwenye trekta alikuja amevaa koti. Pampu ilikuwa inavuta, na bomba linalomwaga maji tangini lilisikika vizuri. Yeye akaanza kusema. Alisema vizuri, sitamnyima hilo. Alisema mashine ni mali ya mtu anayeweza kuihudumia, na fundi wake yuko Tandahimba, hapa karibu, si mtu wa kuitwa mwezi mzima.

Hapo pampu ikazima.

Bomba likanyamaza. Watu wote wakanigeukia mimi. Mwenye trekta alinyoosha tu mkono kuelekea tangi, kama mtu anayemkaribisha mgeni. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, nikipitia mstari kwa mstari kichwani nilichokosea.

Mama Zuhura akafunga khanga kiunoni. Akapanda ngazi ya tangi, taratibu, maana magoti yake si ya kupanda ngazi, akafunua mfuniko, akatia mkono. Akautoa. Ulikuwa umelowa mpaka juu ya kiwiko, na maji yakawadondokea waliokuwa karibu na ngazi.

"Limejaa!" akapiga kelele. "Limejaa, jamani! Imezima kwa sababu limejaa!"

Vigelegele vilivyotoka pale vilimfanya mpulizaji wa salfa azime mashine yake aje kuuliza kama kuna msiba au harusi. Wanawake waliokuwa na ndoo hawakusubiri kura, walifungua bomba la chini wakaanza kuteka. Maji yaliposhuka, pampu ikawaka yenyewe. Mwenye trekta alivua koti akalikung'uta unga, akauliza njia ya mkato ya kurudi barabarani.

Mama Zuhura alikuwa bado juu ya ngazi. "Kisanduku kibaki?" akauliza. Kikabaki. "Basi na Dereva abaki," akasema, "mpaka salfa iishe. Tumwone mguu wake naye kama umeshikwa." Watu wakapitisha kwa kicheko, na kicheko cha mkutano wa kijiji ni uamuzi kama mwingine.

Nikabaki. Nililala kwenye chumba cha magunia, na kila alfajiri nilikwenda kukitazama kisanduku kikivaa kanzu yake ya manjano na kufanya kazi. Sehemu kubwa ya faili mnalorithi niliiandika huko, mikono ikinuka salfa.

Sasa ombi langu. Karibu na mwanzo wa faili kuna mistari michache inayovuta chini miguu isiyo na kazi. Mmoja wenu ameshaniandikia kuniuliza kama anaweza kuifuta, kwa sababu mezani kwake haibadilishi kitu. Namwamini. Aende kwanza Chilangala mpulizaji akiwa kazini, alfajiri, na kitambaa cha kuzibia pua, aitoe mistari hiyo kwenye kisanduku kile, kisha akae kando ya tangi na wenye ndoo asubiri. Akirudi bado anataka kuifuta, aifute.